Thelathini na Sita

Yai la siku ya saba, Leelo analifungua
kwa ncha ya mkasi, kama mtu afunguaye barua ya deni.
Nje, Tartu imeganda. Mto Emajõgi hauendi popote.
Ndani ya ute kitone chekundu kinadunda.
Kinadunda bado.
Halafu hakidundi.

Saa ishirini dawani, kisha nta, kisha wembe:
moyo mmoja, vipande hamsini,
vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Anadondosha kimeng'enya chenye kazi moja tu,
kusaka uzi wa vinasaba uliokatika
na kubandika taa ya kijani kwenye kila ncha.

Gizani, chini ya hadubini,
wanawaka.
Shingoni mwa moyo, pale njia moja ya damu
inapojiandaa kuwa mbili,
kundi zima la seli limejizima lenyewe
bila uvimbe, bila kumwagia jirani uchafu,
na majirani wamewala kimya kimya.
Kufa kufaana. Sikudhani methali hiyo ina rangi.

Eevald wa meza ya pili haamini rangi yoyote.
Kipande kisichotiwa kimeng'enya kiko wapi?
Hiki. Cheusi tii.
Na kile ulichokikata nyuzi kwa makusudi?
Hiki. Kijani kitupu, hadi kinaumiza macho.
Anakuna kidevu.
Na hawa wa ukingoni?

Leelo anasogeza lenzi. Ukingoni ulipita wembe.
Hawa watatu hawakuaga,
tumewaua sisi.
Na mwanga ni ule ule!
Kijani hakisemi nani aliitwa, nani alichinjwa.

Basi anaanza upya, na kingamwili nyingine,
ile inayomshika mkasi wa ndani ya seli
ukishaamka, kabla haujakata.
Safari hii, nyekundu.
Wa shingoni wanaiva wekundu mmoja mmoja;
wa ukingoni, hakuna kitu.
Wawili katikati wana kijani bila wekundu.
Labda walikufa mapema mno, mkasi umeshaoza.
Labda.

Saa kumi kasoro robo, jua limeshazama.
Daftarini ameandika arobaini na mmoja,
amefuta. Thelathini na sita.
Pembeni, kwa penseli: wawili, alama ya kuuliza.

Eevald anavaa koti, anazima taa ya upande wake.
Kwenye kiatamizi yamebaki mayai kumi na moja.
Trei inainama, inainuka,
na hakuna anayejua, mle ndani,
nani sasa hivi anapisha njia.