Pointi Arobaini na Saba

Nimelimwaga sanduku la spana la Verlyn juu ya meza ya jikoni.
Jekundu, limebonyea ubavuni
pale basi la shule lilipoteleza jeki.
Juu: spana, misumari, risiti ya kuku wa kukaanga.
Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mpira,
jeshi.

Karatasi za jeshi la akiba hazina sura ya vita.
Ni mistari tu. Mwaka, pointi. Mwaka, pointi.
Wikendi moja ya kila mwezi, pointi nne.
Siku kumi na tano za Julai, nyasi zimekomaa,
kaka yake anakata peke yake huku akitukana:
pointi kumi na tano.
Kumi na tano nyingine za bure, kwa kuwamo daftarini.
Ukifikisha hamsini, mwaka wako unaitwa mwema.
Ukifikisha miaka ishirini myema, unaandikiwa barua
kwamba utalipwa.
Si leo. Ukitimiza sitini.

Hakuwahi kumpiga mtu risasi.
Adui yake, alisema, ni dizeli iliyoganda.

Nafuata mistari kwa kidole.
Sabini na nane. Sabini na nane. Themanini na moja.
Kisha tisini na mbili: arobaini na saba,
na pembeni karani kaandika, kwa mwandiko mzuri,
*si mwaka mwema.*

Mwaka ule Signe alikuja kabla ya siku zake,
mzito kama mkate mmoja.
Verlyn alikaa kando ya kioo, hospitali ya Fargo,
siku thelathini na nane,
vidole vikinuka grisi hata baada ya sabuni tatu.
Kambi ya Julai ikaondoka bila yeye.
Signe akafumbua jicho moja, la kushoto, akatutazama
kama mtu aliyeamshwa na makelele ya jirani.
Pointi tatu zilipungua.
Kwa hizo tatu alitumikia mwaka mzima wa nyongeza,
na sikumsikia hata siku moja akizidai.

Baadaye ukaja ule muda ambao wenyewe wanauita kijivu:
sare umevua, sitini hujafika,
si askari, si mstaafu.
Kijivu cha miaka kumi na minane,
kama anga letu la Minnesota kuanzia Novemba.
"Nikitimiza sitini, LaVonne, tunabadilisha madirisha,"
na huku anaziba nyufa kwa gazeti.

Haba na haba, kibaba kimejaa.
Mwenye kibaba alianguka Februari, kwenye karakana,
miezi saba kabla.
Hata kaburi limemwambia asubiri:
ardhi imeganda futi nne,
tutamzika Aprili.

Na hii hapa fomu ya mwaka elfu mbili na nne.
*Ukifa mapema, mkeo apate nini? Weka alama.
Rudisha ndani ya siku tisini.*
Haina alama.
Ina duara la kikombe cha kahawa.
Nilimtukana marehemu, Mungu anisamehe,
nikamtukana kwa Kinorwe cha bibi yake na kwa lugha yetu,
mtu aliyehesabu kila pointi
na kushindwa na bahasha moja.

Nikapiga simu. Muziki, dakika arobaini.
Kisha sauti ya kijana, kavu, ana mafua:
"Hakurudisha kabisa?"
Kabisa.
"Basi, mama, asiyejibu huhesabiwa kachagua yote.
Utaanza kulipwa sasa."
Nikamwomba arudie. Akarudia.
Nikamwomba tena, akapiga chafya.

Sijui kama alijua.
Verlyn niliyemjua angesahau tu.
Verlyn niliyemjua pia aliwahi kusema
kuna boliti ambazo ukizigusa unaziharibu.

Karatasi nimezirudisha kwenye mfuko,
mpira umekatika, nimefunga kwa uzi.
Ule mstari wa tisini na mbili sikuusahihisha.
Jumatatu fundi anakuja kupima madirisha.
Ameuliza tuanze na lipi.
Nimemwambia, la karakana.