Kitufe cha Tatu

Walimleta kwa pikapu ya miwa, Jumamosi,
vumbi la Khayega lingali kwenye nyusi zake:
Muhati, mwenye fahali aitwaye Ngurumo.
Hakuwa na jeraha. Nilitafuta.
Ngozi nzima, ila kitufe cha tatu cha shati
hakikuwepo, na mahali pake
duara jekundu, dogo kama kizibo cha soda.

Wahenga walizisemea nyasi.
Hawakusema lolote kuhusu mbavu
za mtu aliyeingia kati kumshika wake pembe
akapokea kipaji cha yule mwingine.

Mishipa ya shingo imetuna. Presha inashuka.
Nilisikiliza kifua: isukuti
iliyofunikwa blanketi, ikipigwa nyumba ya tatu.
"Damu imejaa kwenye mfuko wa moyo,"
akasema Daktari Kwamboka, kandambili bado mguuni.
"Moyo unazama kisimani mwake wenyewe.
Eldoret? Hafiki hata Chavakali."

Msumeno wa mfupa uliharibika tangu Machi.
Tukatumia patasi na nyundo,
kama mafundi wa milango kule Lurambi,
na mimi, Nelima, mshika mrija wa kufyonza,
nikahesabu pigo kwa pigo
hadi kifua kikaachia.

Mfuko ulikuwa wa zambarau, umetutumka.
Akaukata. Damu ikaruka hadi kwenye taa,
na kilichokuwa kikinong'ona
kikapayuka.

Tundu halikuzidi punje ya mtama.
Juu yake kidole cha mwanamke wa Nyamira,
kimetulia, kama mtu aegemeaye mlango usiku
asitake upepo uwaamshe watoto.
Uzi wa buluu. Kidole kikasogea.
Uzi. Kikasogea.
Hakuna aliyekohoa.

Nje, ndugu zake walipanga foleni ya kutoa damu,
filimbi shingoni, matope hadi magotini.
Mmoja aliniuliza kama wamchinje yule fahali.
Nikamwambia anywe chai kwanza.

Jumanne mirija ya kooni ilitoka.
Nilingoja aulize habari za mkewe,
za Mungu, za bili.
Akalamba midomo. Nikainama.
"Nani alishinda?"

Lala, nilimwambia.
Kitufe chako kimepatikana.
Kaka yako anacho mfukoni,
amekizungushia karatasi ya sigara
na hataki mtu akiguse.