Kilo Zangu za Moshi

Naitwa Mwanakhamisi,
kazi yangu ni libasi,
cherehani na mkasi
Kibokoni hutumiya.

Nyumbani ni Mlaleo,
tangu jana hadi leo
sipandi chombo cha cheo,
daraja nalitembeya.

Mgao ulipofika
wa moshi wa kuzunguka,
kilo mia nne kwa mwaka
simuni zikaingiya.

Nilicheka sana mie:
"Kilo za moshi nitie
kapu gani, unambie,
nami moto sijatiya?"

Wakili Mwinyi wa Nyali,
gari lake la dizeli
li kubwa kama hoteli,
mgao ukamwishiya.

Akaja hadi dukani,
jasho tele kipajini:
"Fundi, kilo za simuni
ngapi utaniuziya?"

Ya kwanza kwa shaka shaka:
kilo kumi zikatoka,
simu ikatetemeka
na pesa zikatuliya.

Karo ya Mishi, mwanangu,
taa ya chumbani mwangu,
deni la vitenge vyangu,
moshi ulinilipiya.

Mvua kubwa ya Juni
ilinikuta njiani,
buibui maungoni
kwa maji limegandiya.

Bodaboda kasimama:
"Panda, utalowa, mama!"
Nikaiwaza gharama,
gramu zangu kupoteya.

Loo! Moshi nao mali!
Nimeshakuwa bahili
wa pumzi za dizeli,
kifuani nimetiya.

Foleni ya Kongowea
ilianza kulegea,
tangawizi yaelea,
puani ikaingiya.

Mwezi wa saba hafiki,
simu yangu haishiki,
nikawaza: hanitaki,
bei imemwelemeya.

Siku moja nakutana
na mtu ahema sana,
raba mpya zimembana,
mkoba kajibebeya.

"Wakili! Gari li wapi?"
"Fundi, ningelipa ngapi?
Safari yenyewe fupi,
miguu nimerudiya."

Soko langu limekufa,
na wala si kwa maafa.
Nimpe lawama, sifa?
Jibu halijanijiya.

Kiuno kimepunguka,
suruali yamvuka,
akanambia: "Haraka,
tano utanibaniya."

Nampima kwa utepe,
nawaza bei alipe:
ya kilo, au nitupe
ile niliyozoweya?