Siku Mihayo Aliposhika Kikombe

Namba yetu ilikuwa mia mbili na kumi na nne.
Niliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango,
kando ya alama za urefu wa Mihayo,
mwanangu, ambaye uzito wake
mgongo wangu unaujua kuliko mizani ya zahanati.

Kwa Kinyamwezi jina lake ni maneno.
Baba yake alilichagua kabla hatujajua
kwamba ulimi utakawia.
Mwaka wa kumi na nne sasa, unakawia.

Kutoka Usoke hadi ofisi ya ustawi, Tabora mjini,
ni nauli ya watu wawili:
konda humhesabu mtu mzima,
fomu humhesabu mtoto.
Cheti kilipokuwepo, muhuri haukuwepo.
Muhuri ulipopatikana, mwenye kalamu alikuwa semina.
Siku nilipopewa namba
nilishukuru kama mtu aliyepewa mbuzi.

Miaka miwili na ushee, akaja mtathmini,
Lutamla, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi letu.
Kwanza alitazama juu.
Bati kumi na nane, akaandika.
Nikasema ni za tumbaku ya marehemu,
msimu ule mmoja tumbaku ilipolipa.
Fomu haikuwa na kisanduku cha marehemu.

Anajigeuza kitandani? Hapana.
Anaomba choo? Hapana.
Anaweza kushika chombo?
Nikafungua kinywa nijibu,
Mihayo akanitangulia.

Anapenda wageni, huyu.
Mkono wa kushoto ukaondoka pajani,
ukapotea njia, ukarudi, ukapotea tena,
ukakifikia kikombe cha bati.
Vidole vikakubaliana kimoja kimoja.
Akakiinua.
Nusu ya uji ilimwagikia shati,
nusu akainywa,
akamtazama mgeni, akacheka.

Misimu miwili ya karanga nilikuwa namfundisha.
Nilipiga vigelegele! Mbele ya fomu,
nikapiga vigelegele mpaka Kalunde wa jirani
akaja mbio na unga mikononi, akidhani kuna posa.
Lutamla naye alipiga makofi,
Mungu ananiona, alipiga makofi,
kisha akaandika.

Barua ilifika tukianika matobolwa.
Alama kumi na moja.
Wanaostahili posho ya mlezi: kumi na mbili na kuendelea.
*Mhusika anaonesha dalili za kujimudu.*
Tathmini nyingine baada ya miezi kumi na minane,
kwa kuanzia mwisho wa orodha.

Kujimudu.
Nililitafuna neno hilo saa nane za usiku
nikimgeuza ubavu,
na saa kumi nikimgeuza ubavu wa pili
asije akaota vidonda.
Lilikuwa na mchanga.

Kalunde ananipenda, ndiyo maana alisema:
Safari ijayo ficha kikombe.
Mfunge mkono ndani ya kanga, mwache alale,
alama moja tu, mwenzangu, alama moja!
Sitasema sikufikiri.
Nilikipandisha kikombe juu ya kabati,
kikakaa siku tatu,
nikamnywesha mwenyewe kwa kijiko
kama zamani, kama anavyotaka mwenye fomu.

Siku ya nne niliingia na kuni
nikamkuta ameinua mkono hewani,
vidole vimefunga,
vimeshika kitu ambacho hakipo,
anakipeleka taratibu kinywani.

Kuni zilianguka. Nikakishusha.

Namba mpya ni mia tatu na sitini na mbili.
Nimeiandika chini ya ile ya kwanza,
mkaa haukosekani nyumbani kwetu.
Jioni, vyombo vikiisha kukauka,
tunakaa mkekani tunajifunza mkono wa kulia.
Huo ni mgumu zaidi, hukunja ngumi usipotaka,
lakini haraka hatuna, miezi kumi na minane ni mingi.
Lutamla akirudi
nataka Mihayo ampe mkono.