Kwa Hoza, Kabla Hujawasha Kamera

Umekuja na begi jipya na maneno ya dukani:
lenzi ngapi, milimita ngapi, ipi inaona gizani.
Kaa kwanza. Chai hiyo.
Kamera ya kuazima ikishikwa na mtu mtulivu
huishinda ya mkopo wa vikoba mikononi mwa mwenye pupa.

Kioo usikifute kwa kanga.
Kanga ina jasho, ina mafuta ya vitumbua;
utapiga harusi nzima ndani ya ukungu.

Jua la Tanga saa sita halina adabu,
linawachimba watu mashimo machoni.
Ngoja saa kumi na nusu, au mkalishe mtu wako barazani,
ukuta mweupe wa jirani umrudishie nuru usoni, bure.
Ukuta ukiwa wa kijani, kama ule wa kwa Kilua, Makorora,
bibi harusi atatoka kama mgonjwa wa homa.
Nimewahi. Nililipwa nusu.

Reli ya kusukumia kamera huna? Mji huu una baiskeli.
Kaa kiti cha nyuma, uso uelekee ulikotoka;
mwendeshaji awe mzito, asiwe na miadi,
tairi zitolewe upepo kidogo,
na Barabara ya Kumi na Mbili yote itateleza.

Picha ikitetemeka, watu husamehe.
Sauti ikikwaruza, huinuka na viti vyao.

Kwa hiyo fumba macho, uhesabu:
feni, cherehani ya jirani, kuku anayetangaza yai,
friji ya soda. Zima friji,
na funguo zako za nyumba uziweke humo ndani,
usije ukaondoka ukawaozeshea watu samaki.
Maiki isogee, shubiri mbili kutoka kidevuni.
Kamera huona mbali; masikio yake ni mafupi.
Na ukiwa upande wa Raskazone, ivishe soksi nene.

Mimi sikuivisha.

Shangazi Mwanamkasi alikubali, mara moja tu,
kuieleza kamera habari za nyumba ya Chumbageni.
Nikamtoa nje kwa sababu nuru ilikuwa nzuri.
Nuru! Nilikuwa nimelewa nuru.
Hedifoni niliziacha begini, zinabana ushungi.
Akasema, "Nyumba hii aliinunua…"
upepo ukaingia, fuuu,
midomo ikafumba, ikafumbuka,
ikafumba, ikafumbuka.

Mama, au baba?

Jaribu mbele ya kioo. Midomo hufanya kazi ile ile.

Mwaka wa sita huu, pande mbili za ukoo
zinaitazama sekunde hiyo, mbele, nyuma, mbele.
Upande mmoja umenunua televisheni kubwa zaidi.
Mwenyewe tulikwisha mzika.
Na picha, Hoza, ni nzuri ajabu:
unaona hata nyuzi za mtandio.

Basi vaa hedifoni. Zikibana, zibane.
Betri ya tatu mpe mtu asiye msahaulifu kama wewe.
Kadi usiifute mpaka umenakili mara mbili,
na nakala moja ilale nyumba nyingine.
Kazi ikiisha, waombe wote wanyamaze dakika moja
unase kimya chenyewe. Watacheka. Wangoje wamalize.
Kimya cha Makorora si kimya cha Pongwe,
na siku utakapokata neno
utataka kiraka cha kitambaa kile kile.

Haya, lete begi hilo.
Lenzi hii ndefu irudishe dukani leo, kabla risiti haijachakaa;
chenji yake nunua waya, na soksi.
Na kesho, bibi yako akianza kutaja majina ya watu,
usimwonee haya, usijifanye umesikia.
Mwambie: samahani bibi,
pikipiki imepita.
Sema tena.