Mhariri Ataka Nilitoe Joka

Barua imeingia nikiwa kituo cha basi,
hapa Blaenau, saa kumi na mbili asubuhi,
mvua ile ya kwetu isiyonyesha vizuri wala kukatika,
viatu vingali na unga wa zamu ya usiku.
Tumeikubali. Nikasoma mara nne.
Dereva akauliza, unapanda au hupandi?
Nikapanda, nikasahau kulipa, nikakumbushwa.

Kumi na moja walishaikataa.
Mmoja alisema ni ndefu, mwingine ni fupi,
mwingine aliniita Bwana Pugh
akanitakia heri ya mwaka uliokwisha pita.
Huyu wa kumi na mbili yuko ng'ambo, mji sijaufika,
ana jarida dogo litokalo mara mbili kwa mwaka,
na malipo yake, nimepiga hesabu,
ni gunia moja la makaa na nusu ya kiatu.
Usinicheke, Nesta. Nusu hiyo nitaivaa.

Hadithi unaijua: mwanamke wa mizani
aketiye mpakani akitoza ushuru wa ukungu,
ratili kwa ratili, na wafanya magendo
wanaouvusha ndani ya mito ya kulalia.
Na chini ya mlima, joka.
Mhariri, kwa adabu zote, ataka nilitoe joka.
Majoka, asema, yamezidi sokoni.

Ni kweli. Hapa kwetu liko kwenye bendera,
liko kwenye kikombe, liko mlangoni kwa muuza chipsi,
jekundu, limechoka, ulimi nje.
Lakini langu sikulitoa huko.

Kuna fomu ya kujaza, maneno hamsini:
umelelewa na vitabu gani?
Niandike nini? Kwamba gari la maktaba
lilipanda kwetu kila Alhamisi ya pili,
na Bi. Ceinwen aliyeliendesha
alinikopesha kitabu kilichong'oka kurasa thelathini za mwisho,
akasema, mwisho utaujua mwenyewe?
Nilikimalizia mara saba. Mara ya saba
mfalme aliachwa njiani, farasi akarithi.
Kwamba orodha ya mbegu ya mama
niliisoma kama nasaba ya watawala:
kabichi Malkia wa Theluji, njegere Askari Mrefu,
kitunguu Asiyelia.
Kwamba jedwali la treni lilinifunza
kuna nchi zisizofikika siku ya Jumapili.

Na usiku, nyuma ya ukuta mwembamba, baba.
Miaka thelathini na mmoja machimboni,
vumbi la mawe limejenga nyumba kifuani.
Alikohoa kuanzia chini, polepole,
kama kitu kikubwa kinachojigeuza usingizini,
nawe ukanishika mkono gizani, ukanong'ona:
limeamka.
Ulikuwa na miaka mitano, mimi tisa.
Nikakwambia halitutaki sisi, linalinda tu.
Ukalala.
Hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwanza kukubaliwa.

Basi nimelikata. Jana jioni, kwa kalamu nyekundu,
mabawa, magamba, moto, kurasa nne na robo.
Mhariri hakukosea: hadithi imepata pumzi.
Joka nimelificha chini ya sinki, pamoja na sabuni,
lingoje zamu yake.
Ila sentensi moja sikuigusa,
akiiona, na aione:
Mlima ukakohoa mara moja, na mwenye mizani
akainua kichwa, akangoja mara ya pili.

Inatoka Machi. Nitakuletea nakala.
Usianzie mwanzo. Fungua ukurasa wa mwisho,
upo, safari hii hakuna aliyeung'oa.