Athari

Nilikuja kuuza. Nisijifiche.
Nilikuja na hati ya mirathi yenye mihuri mitatu ya Maskati
kuuza nusu saa ya maji
aliyoiacha babu katika kijiji hiki, nyuma ya Ibra,
mwaka alioifuata karafuu Pemba.

Nusu saa hiyo huku huitwa athari.
Nikacheka. Kwetu athari ni alama,
ni kile kinachobaki jambo likishapita.
"Ndiyo hiyohiyo," alisema Shamis, karani wa falaji,
kwa Kiswahili cha mama yake, kikavu kwa kukaa kabatini,
akafungua daftari linalonuka tende.

Jina la babu lilikuwemo.
Miaka sitini na saba zamu yake imenadiwa,
na bei, baisa kwa baisa, imeandikwa pembeni ilikokwenda:
kamba. Koleo mbili. Chokaa ya kuzibia ufa.
Ujira wa walioingia chini baada ya mafuriko.
Hakuna aliyeila.
Mara moja tu mnunuzi hakulipa,
nalo jina lake limeandikwa, na la baba yake,
wajukuu wapate kusoma.

Lakini maji yalikuwa yamepungua,
na kila mtu alijua kwa nini, na kila mtu alikohoa.
Juu ya mama wa falaji, Ghusn bin Mhanna
alikuwa amechimba kisima cha mashine
kwa shamba la kupumzikia Ijumaa
na bwawa la watoto kuogelea.

Wakakutana sablani. Kahawa ikazunguka mara tatu.
Walisema mvua. Walisema mitende imezeeka.
Ghusn mwenyewe alisema ni majaaliwa.
Mimi nilikaa karibu na mlango,
mwenye hisa, na Kiarabu changu cha kuokoteza.

Ndipo aliyekuwa akimimina kahawa akaiweka dele chini.
Shafiqul, mtu wa Silheti. Miaka kumi na tisa
anaingia tumboni mwa falaji kwa magoti, taa kichwani.
Hana athari hata moja. Hana mtende.
Akasema, kwa Kiarabu kibovu kuliko changu:
kila mwezi hukwaruza jiwe kwa msumari
pale maji yanapofika.
Njooni mtazame.

Tuliingia kumi na wawili, kanzu zimekunjwa,
mimi wa mwisho, viatu mkononi.
Mikwaruzo ilishuka ukutani kama ngazi,
kidogo, kidogo,
kisha, mwezi ule mashine ilipoanza kunguruma,
ngazi ikaruka vipandio vinne.
Ghusn alipima pengo kwa shubiri yake mwenyewe.
Akapima tena.
Kule chini uso wa mtu huuoni,
ila unasikia anavyopumua.

Sisemi alizima mashine siku ile.
Alibishana hadi mfungo mosi. Alitaja kibali, alitaja wakili.
Siku ya kuzoa tope alikuja kachelewa, na ndoo mpya,
akasimama mstarini kati yangu na kijana wa Zuwaina,
na hakuna aliyemwamkia,
na hakuna aliyemnyima ndoo.
Sasa mashine huwaka saa mbili kwa wiki.
Ufunguo anao Shafiqul.

Athari yangu huingia saa tisa usiku.
Nilikwenda kuiona, nimejifunga shali ukingoni.
Shafiqul alivuta jiwe na matambara,
maji yakageuka bila haraka,
yakaenda kwenye ndimu zisizo zangu.
Nusu saa nzima niliyasikia yakinywewa.

Asubuhi nilimwambia Shamis aandike upya:
nusu ya athari ibaki kwa babu, inadiwe kama zamani.
"Na nusu hii nyingine?"
Nikamtajia jina.
Kalamu ilisimama kidogo juu ya karatasi.
"Bin nani?" aliuliza. "Baba yake anaitwa nani?"

Miaka kumi na tisa.
Tukatazamana, mimi na yeye,
kisha nikavaa viatu, nikatoka kwenda kumwuliza.